Tabaka la Chini Haliguswi

Kwa miaka thelathini na mitatu LaVonne Jelinek alipeleka barua kwa miguu katika mji wetu, na alipostaafu miguu yake haikupata habari. Ukikaa naye kanisani anabadilisha mkao mara ishirini kabla ya mahubiri kwisha. Ukimkaribisha kahawa anainywa amesimama karibu na mlango, koti mwilini, funguo za gari mkononi. Mimi nilimfahamu tangu enzi zile nikipanga kurasa za gazeti la wilaya, kabla halijafungwa, na nikiri mapema: watu wasiotulia hunichosha. Kwa hiyo Jumanne moja ya Januari, alipoingia kwenye darasa langu pale maktaba huku theluji ikimdondoka mabegani, nilijisemea kimoyomoyo, haya, nimekwisha.

Darasa lenyewe si kitu cha kujivunia. Wazee saba, kompyuta saba, programu ya bure ya kurekebisha picha, na mimi nikizunguka nyuma ya viti. Wengi huja kutoa wekundu kwenye macho ya wajukuu. LaVonne alikuja na bahasha yenye picha moja.

"Nataka kujiweka humu," alisema, hata hajaketi.

"Ndani ya picha?"

"Ndani ya picha. Inawezekana au haiwezekani? Kama haiwezekani niambie sasa hivi, Orrin, nina mambo mengi."

"Inawezekana. Ila si leo."

"Kwa nini si leo?"

Niliichukua picha ili nipate cha kufanya badala ya kumjibu. Ilikuwa ya mkutano wa ukoo wao, Julai 1994. Akina Jelinek hukutana kila Jumamosi ya pili ya Julai, na kila mwaka wote huvaa fulana za rangi moja. Mwaka ule zilikuwa za njano. Watu arobaini na mmoja wamejipanga kwenye ngazi za nyumba ya shamba, jua la jioni likiwapiga usoni, na katikati amekaa Mama Ludmila na sinia la kolachi, vimkate vitamu vya plamu, mapajani, analilinda lisivamiwe kabla ya chakula. Watoto wanatazama mbwa, wanaume wanatazama bia, na katika umati wote ule Mama Ludmila peke yake ndiye anayetazama kamera. Pembeni maji yalikuwa yameingia na kuacha doa la kahawia.

LaVonne hakuwemo. Hakuwemo kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mpiga picha, mwaka ule na miaka yote. Baba yao alimpa kamera akiwa na miaka kumi na saba, pamoja na sheria moja tu: jua liwe mgongoni. Tangu hapo hakuna aliyemwambia, lete nishike mimi.

"Ungempa hata dada yako," nilimwambia.

"Marcella? Marcella hukata watu vichwa."

Kisha akanieleza shida yake, akiwa bado wima, anakunja na kukunjua ile bahasha. Mama yake, mwenye miaka tisini na mitatu, alikuwa amehamishiwa nyumba ya wazee tangu vuli. Marcella alimtundikia nakala ya picha hiyo hiyo kando ya kitanda, katika fremu nzuri. Tangu siku hiyo kila asubuhi Mama Ludmila huikodolea macho na kuuliza, "LaVonne yuko wapi? LaVonne hakuja?" Na LaVonne amesimama pale pale, kofia kichwani. Siku nyingi mama yake humdhania kuwa ni mtu wa posta tu, humuuliza kama kuna barua yoyote kutoka kwa kaka yake, ambaye amekufa zamani.

"Anadhani sikuja, Orrin. Miaka yote ile nimebeba meza, nimeosha masufuria, nimetenganisha walevi wakipigana. Na mama yangu atakufa akiamini sikuja." Akaenda dirishani kutazama kama kuna mtu ameziba gari lake. "Anatimiza tisini na nne tarehe tano Aprili. Nataka siku hiyo anione."

Nilimvutia kiti, akakikalia nusu.

Somo la tabaka huwa nalianza kwa karatasi za nailoni, zile za kupitisha mwanga zilizobaki shuleni baada ya mashine zake kutupwa. Nachora ngazi kwenye ya kwanza, mtu kwenye ya pili, kofia kwenye ya tatu, kisha nazipanga moja juu ya nyingine. Ukitazama kutoka juu unaona picha moja. Ukiondoa ya kofia, mtu anabaki kichwa wazi na ngazi haijaguswa. Ndivyo ilivyo ndani ya kompyuta, nawaambia. Pembeni mwa skrini kuna orodha ya karatasi zako, na kila moja ina alama ya jicho. Ukilibonyeza jicho, tabaka linajificha. Ukilibonyeza tena, linarudi. Na lile la chini kabisa, ile picha yenyewe uliyoingiza, hulishiki. Unalitolea nakala juu yake, na kazi yote unaifanyia kwenye nakala.

"Mbona mzunguko mrefu hivyo?" LaVonne aliuliza. "Si nifute tu doa lilipo?"

"Usifute."

"Lakini lipo pale, naliona."

"LaVonne, usifute kwenye la chini."

Wiki ya tatu alikuja na picha ya baba yake juu ya trekta, ya kufanyia mazoezi. Ilikuwa faili tu. Karatasi yake iliungua na nyumba ya binamu yao huko Nebraska, na binamu mwenyewe naye ameshakwenda. Alitaka kutoa vumbi kwenye kofia ya mzee. Mimi nilikuwa kwa Bertil, mfuga ng'ombe mstaafu ambaye kila wiki hupoteza kipanya chake kilicho mkononi mwake. Niliporudi, LaVonne alikuwa ameshahifadhi, amefunga, na yuko mlangoni. Paka wake, alisema, hajala.

Jumanne iliyofuata tukaifungua. Vumbi lilikuwa limetoka. Nusu ya sikio la mzee nalo lilikuwa limetoka, na kipande cha shavu, vyote vimepakwa rangi ya anga. Alibonyeza kurudi nyuma. Hakuna. Programu ikishafungwa haikumbuki ulikotoka. Akabonyeza tena, na tena, haraka haraka, kama mtu anayegonga nyumba isiyo na watu.

"Nitoe jicho gani?" aliniuliza.

"Hakuna la kutoa! Tabaka ni moja! Nimekuambia mara ngapi? Unafanya kazi utadhani unafukuzwa, husikii, hukai, halafu unataka miujiza!"

Mkutubi aliinua kichwa kule mbele. LaVonne alichukua koti lake, akalivaa taratibu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akatoka. Nilijisikia mshenzi. Nilikuwa mshenzi. Sura ya baba yake iliharibika darasani kwangu mwenyewe, nami badala ya kumpa pole nikamgombeza kama mtoto.

Jumanne iliyofuata hakuja. Nilipita nyumbani kwake mara mbili na gari, nikakosa ujasiri wa kusimama.

Ya pili yake alikuja. Ilikuwa baridi ile ya kuvunja misumari, na alikuwa amejifunga mpaka anaonekana macho tu. Hakuenda kitini. Alisimama mbele ya darasa, akatupa begi chini.

"Nimeelewa," alisema. "Tazameni wote, maana na ninyi hamjaelewa, mnamwitikia tu." Akavua koti kubwa, akalitundika. "Hili jicho limefungwa." Akavua kizibao cha manyoya. "Hili nalo." Akavua sweta.

"Endelea, LaVonne!" Bertil alipaza sauti kutoka nyuma. "Ndiyo kwanza tunafika pazuri!"

"Funga mdomo, Bertil. Wewe una tabaka moja tu, tena halijafuliwa."

Watu walicheka mpaka mkutubi akaja kutazama. LaVonne aliishia kwenye shati la ndani la sufu, mikono kiunoni. "Miaka thelathini na mitatu nimevaa hivi kila asubuhi. Ukipata joto unavua koti. Ukipata baridi unalirudisha. Mwili upo pale pale chini, hakuna anayeugusa. Mimi nilikuwa naona joto, halafu najichuna ngozi." Akanigeukia. "Sasa mwalimu, ungesema nguo tangu mwanzo, baba yangu angekuwa na sikio."

Niliomba radhi mbele ya wote. Akapunga mkono, tusipoteze muda, Aprili inakuja.

Kazi ilianza kweli. Tuliiskani picha yake ya albamu, ile yenye doa. Akaipa tabaka la chini jina, *mwili*, akaitolea nakala, nakala akaiita *usafi*. Nilimfundisha kuchukua kipande kizuri cha ngazi na kukipaka juu ya kibaya. Alitoa doa. Alitoa mikwaruzo. Alipiga miguu chini ya meza muda wote mpaka meza nzima ikatikisika, lakini alikaa.

"Na hiki chini?" aliuliza siku moja. Chini ya picha, juu ya majani, kulikuwa na kivuli cha mpiga picha, kirefu, kimelala kuelekea kwenye ngazi.

"Kitoe," nilimwambia. "Picha zote za zamani zinacho. Ndiyo hasara ya kuweka jua mgongoni. Kinachafua."

Akakitoa. Alifanya vizuri mno, majani yakakaa kama hajapita mtu.

Kupata sura yake mwenyewe ndiyo ilikuwa kazi. Mtu aliyepiga picha maisha yake yote hana picha. Mwishowe tulitumia ile waliyompiga posta siku ya kustaafu. Alijikata kuzunguka nywele kwa subira ya siku mbili, akajiweka kwenye tabaka lake, kando ya Mjomba Ladislav, akaliita *mimi*. Ila alikuwa na sare ya posta kwenye sherehe ya ukoo, na umri wa miaka sitini na mbili katikati ya mwaka 1994. Kwa hiyo juu yake tukaongeza tabaka la fulana ya njano, na jingine la kulainisha makunyanzi.

"Punguza zaidi," alisema.

"Nikipunguza zaidi utakuwa mdogo kuliko binti wa Marcella."

"Basi na aumie."

Kuna kitu alikipenda kuliko vyote: jicho la tabaka lake. Alilibonyeza akajificha, akalibonyeza akarudi. "Sipo," alinong'ona. "Nipo. Sipo. Nipo." Mara kumi, mara kumi na tano. Bertil alifungua mdomo atie neno, akanitazama, akaufunga. Niliona kwamba mwanga kwenye uso wake ulitoka upande usio wa jua, na kwamba wenzake wote waliosimama pembeni walikuwa na vivuli miguuni, yeye hana. Sikumwambia. Zilikuwa zimebaki siku nne, na nilidhani mama wa miaka tisini na nne hatazami vivuli.

Tarehe tano Aprili aliniita niende naye. "Njoo na kompyuta yako ndogo, niwekee na faili lenyewe humo. Nikiona kasoro nataka irekebishwe hapo hapo." Faili aliniletea yeye kwenye kijiti cha kuhifadhia mafaili. Sikulifungua. Nililinakili tu tukaondoka, naye njiani aliwasha na kuzima redio mpaka nikaomba anihurumie.

Chumba cha Mama Ludmila kilikuwa na keki, maputo mawili na Marcella. Marcella ni mdogo wake, mnene, mtulivu, mwenye sauti ya kukaribisha hata anapokuchoma. LaVonne hakungoja salamu. Alimpa mama yake picha kubwa iliyochapishwa, akapiga magoti kando ya kiti.

"Mama, tazama. Mkutano wa ukoo. Nyumbani."

Mama Ludmila alivaa miwani. Alitazama kwa muda mrefu. Kidole chake kilipita kwenye nyuso, mstari kwa mstari, midomo ikitaja majina, na mengi aliyapata. Kilifika kwa Mjomba Ladislav. Kikafika kwa LaVonne, kikasimama.

"Huyu wa posta amefuata nini hapa?"

Marcella alicheka, akaziba mdomo.

"Ni mimi, Mama. Ni LaVonne. Nilikuja. Nilikuja miaka yote."

"LaVonne yuko wapi?" Kidole kiliteremka mpaka chini ya picha, kwenye majani yale safi, kikaanza kusugua karatasi. "Alikuwa hapa. Hapa hapa. Nani amemtoa?" Na akaanza kuhangaika kitini, anasugua, sauti inapanda, anamwita marehemu mume wake. "Nani amemtoa LaVonne? Ludwig! Wamemtoa mtoto!"

"Keshachanganyikiwa," Marcella alisema kwa upole. "Dada, nilikuambia usimsumbue."

LaVonne alikuwa ameshasimama. Alienda dirishani, akaenda mlangoni, akarudi dirishani. Uso wake ulikuwa umevunjika. Mimi nilikuwa natazama kidole cha yule mama. Niligeukia ukutani. Picha ya Marcella kwenye fremu ilikuwa pana na fupi. Iliishia kwenye viatu vya mstari wa mbele.

"Marcella, hii uliikata?"

"Kidogo tu, chini. Fremu ilikuwa fupi. Hapakuwa na kitu, majani na kivuli."

Dada mmoja amekata kwa mkasi. Mwingine amefuta kwa kompyuta, kwa amri yangu. Yule mama alikuwa akiuliza swali la haki kabisa tangu vuli, na sote tulimwona amepotelewa na akili.

Nilifungua kompyuta magotini. Picha ya albamu ilikuwa nyumbani kwa LaVonne, maili kumi na mbili, na akili ya Mama Ludmila haikuwa ya kungoja maili kumi na mbili. Kama alihifadhi kwa haraka zake za kawaida, matabaka yote yamebanwa kuwa moja, basi tumekwisha. Nilimfahamu LaVonne. Nilikuwa na hakika ameyabana.

Faili likafunguka. Upande wa kulia ikaja orodha, moja chini ya jingine, kila moja na jicho lake. *Makunyanzi. Fulana. Mimi. Usafi.* Na chini kabisa, halijaguswa: *mwili*.

Nilifunga jicho la kwanza, makunyanzi yakarudi. Nikafunga la fulana, sare ya posta ikatokea. Nikafunga *mimi*, na LaVonne akatoweka kando ya mjomba wake. Nikafunga *usafi*. Doa la kahawia likarudi, mikwaruzo ikarudi, na juu ya majani kikalala kile kivuli: miguu mirefu, kofia, na viwiko viwili vilivyoinuliwa vimeshika kamera. Kilinyooka mpaka kichwa chake kikagusa ngazi ya kwanza, pale viatu vya Mama Ludmila vilipokuwa.

Nilimwekea kompyuta mapajani.

Kidole kilitua kwenye kivuli. Mabega ya yule mama yakashuka, akapumua kwa nguvu, kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani.

"Huyu hapa," alisema. "Wote hawa wanatazama huku na huku. Mimi namtazama huyu."

LaVonne alikuwa amesimama katikati ya chumba, koti mwilini, funguo mkononi.

Mama Ludmila hakumgeukia. Alikipapasa kivuli kwenye skrini, mara mbili, kama anayemtoa mtu majani mgongoni. "LaVonne," alikiambia, kwa sauti ya jikoni ya miaka ile. "Umesimama tangu asubuhi, mwanangu. Weka hiyo kamera chini, uje ule."

"Nakuja, Mama," LaVonne alisema.

Aliziweka funguo juu ya meza. Akavua koti, akavua na sweta, akavuta kiti mpaka goti lake likagusa la mama yake, akaketi. Marcella alimkatia keki bila kuambiwa. Aliila yote, polepole, na hakuinuka hadi mama yake aliposinzia.